Hesabu ya Nyumba ya Mtu Mmoja

Msomaji, kila kizazi kina tamaa yake. Babu zetu walitamani mifugo mingi na watoto wengi, wakapima heshima ya mtu kwa idadi ya watu waliokula katika chungu chake. Kizazi chetu kimezaa tamaa ambayo wao wangaliiona ngeni: tamaa ya mtu kukaa peke yake, katika nyumba yake, kwa ufunguo wake, bila mwenzi wala mzazi wala ndugu. Jambo hili si uvumi. Nchini Marekani, hesabu ya watu ya mwaka 1940 ilionyesha kwamba katika kila nyumba 100, kiasi cha 8 zilikuwa na mtu mmoja tu. Katika hesabu ya mwaka 2020 nyumba hizo zilikaribia 28. Nchini Japani, mwaka huo huo wa 2020, zilifika 38 katika kila 100. Kenya haijafika huko. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha wastani wa watu 3.9 katika kila nyumba. Lakini katika Nairobi, mji uvutao vijana wa nchi nzima, wastani ulikuwa 2.9. Yamkini wewe usomaye maneno haya utakuwa siku moja mtu mwenye chumba chake peke yake, kwa hiari au kwa kulazimika. Basi yafaa ulifikiri jambo hili kabla halijakufika.

Kila tamaa hutafuta shahidi wa kuitetea. Watu wanaosifu ukaaji wa peke yake aghalabu humwita shahidi mmoja mashuhuri, Mmarekani Henry David Thoreau, aliyeandika kitabu kiitwacho Walden, kilichotolewa mjini Boston mwaka 1854. Jina lake hutajwa kila panapozungumzwa utulivu, msitu na maisha ya mtu mmoja. Insha hii yataka kumwuliza shahidi huyo maswali machache, ili tujue kama alisema kweli yale anayodaiwa kuyasema. Waswahili wana mithali isemayo: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kitabu nacho ni nyumba, na wengi wamekisifu kitabu hiki kwa mlango wake tu. Na tufungue tuingie.

Thoreau alizaliwa mwaka 1817 katika mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts, katika jamaa ya watengenezaji wa penseli. Alimaliza masomo yake katika chuo cha Harvard mwaka 1837, akafundisha shule pamoja na kaka yake John. Mwaka 1842 John alijikata kidogo kwa wembe, akapatwa na pepopunda, akafa. Na msiba huo ulimwumiza mno mdogo wake. Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Julai 1845, Thoreau, akiwa na umri wa miaka 27, alihamia katika nyumba ndogo aliyoijenga kando ya ziwa Walden, kiasi cha maili moja na nusu kutoka mjini. Alikaa huko miaka miwili na miezi miwili, akaondoka tarehe 6 Septemba 1847. Alilima maharagwe, akasoma, akaandika, akatembea msituni, akaangalia maji ya ziwa yakigeuka barafu na barafu ikigeuka maji. Kisha akayafanyia kazi maandishi yake kwa miaka mingi, akaikunja miaka ile miwili ikawa mwaka mmoja kitabuni, unaoanza wakati wa joto na kwisha wakati miti ichipuapo majani mapya.

Tuanze kwa kumpa haki yake. Mtu mwingine angaliandika juu ya upweke kwa machozi au kwa majivuno. Thoreau aliandika kwa hesabu. Sura yake ya kwanza, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, yahusu matumizi. Humo ameorodhesha bei ya mbao, misumari, chokaa na matofali makuukuu, akafikia jumla ya dola 28 na senti 12 na nusu. Mbao alizipata kwa kununua na kubomoa kibanda cha mfanyakazi mmoja wa reli aliyetoka Ireland, kwa dola 4 na robo. Nyumba ilikuwa na upana wa futi 10 na urefu wa futi 15. Chumba cha kipimo kama hicho si kigeni kwa mpangaji wa Nairobi au Kisumu, na kwa hiyo msomaji wa Kenya hana haja ya kusafiri mbali ili akione. Shamba lake la ekari mbili na nusu lilimpa faida ya dola 8 na senti 71 na nusu. Nusu ya senti hakuiacha!

Hesabu hii si ya bahili. Thoreau alitaka kuonyesha kwamba kila kitu tununuacho hukilipia kwa siku za maisha yetu, wala si kwa fedha peke yake. Mtu anayefanya kazi miaka ishirini ili apate nyumba kubwa ametoa miaka ishirini. Basi na aulize kama nyumba hiyo ina thamani ya miaka hiyo. Hilo ni swali la haki, na ni swali gumu. Hulisikia mara chache katika maduka na katika matangazo ya biashara. Mwandishi aliyeweza kuliuliza kwa misumari na maharagwe, pasipo kuhubiri kwa maneno matupu, anastahili kusomwa na kila kijana ambaye mshahara wake wa kwanza haujafika mkononi.

Sifa yake ya pili ni kwamba alitenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Lugha yetu ina maneno matatu yanayokaribiana, lakini hayalingani. Faragha ni kujitenga kwa hiari ili ufanye jambo lisilofanyika vema mbele ya watu, kama kusali, kusoma au kufikiri. Upweke ni hali ya kuwa mmoja, iwe kwa hiari au kwa nguvu. Ukiwa ni upweke ulioingia moyoni. Ni hali ya nyumba iliyohamwa na ya mtu aliyeachwa. Wazee waliposema upweke ni uvundo, walikuwa wakimwonya mtu juu ya njia iongozayo kwenye ukiwa. Hawakuwa wakimkataza faragha. Mwanafunzi anayedurusu kwa taa moja katika chumba chenye watu wanane, redio ikilia na mtoto akilia, anajua kwamba njaa ya faragha si kiburi wala si dharau kwa jamaa zake. Ni njaa kama njaa nyingine. Sura ya tano ya kitabu hiki, ambayo ndiyo yenye jina la upweke, kwa hakika ni sura ya faragha. Mwandishi asema humo kwamba hakuwa na ukiwa, isipokuwa saa moja tu, wiki chache baada ya kuhamia msituni, alipojiuliza kama jirani wa karibu si sharti la maisha mema. Shaka hiyo ilipita. Lakini aliiandika, na mtu anayeandika shaka yake ni shahidi wa kuaminika kuliko yule asiyekuwa nayo.

Sasa angalia, msomaji, jinsi sura zilivyopangwa. Baada ya sura ya tano, ya upweke, yafuata sura ya sita, nayo ni ya wageni. Baada ya hiyo yafuata ya shamba la maharagwe, na baada ya shamba yafuata sura ya mji. Mpango huu si wa bahati. Thoreau alikuwa na viti vitatu katika nyumba yake: kimoja cha kukalia akiwa peke yake, cha pili cha rafiki, cha tatu cha kundi la watu. Asema kwamba mara nyingine watu 25 au 30 walisimama pamoja chini ya dari yake ndogo. Alikwenda mjini kila baada ya siku moja au mbili kusikiliza habari. Njia ya reli ilipita karibu na ziwa, na mlio wa garimoshi alikuwa akiusikia kitandani. Huyu basi si mtu aliyewakimbia wanadamu. Ni mtu aliyepiga hatua moja nyuma ili awaone vizuri. Wale wanaomtaja kama mtawa wa msituni wameisoma sura ya tano, wakakifunga kitabu kabla ya kufika sura ya sita.

Lakini kazi ya mhakiki haiishi katika kusifu. Hatuna budi kuikagua ile hesabu ambayo mwandishi mwenyewe ametuwekea mezani.

Katika sura ya kwanza, akiorodhesha matumizi yake ya miezi minane, ametaja chakula, nguo, mafuta ya taa na vifaa vya shamba. Kisha asema, kama kwa kupita tu, kwamba gharama ya kufuliwa nguo na kushonewa viraka haimo, kwa kuwa kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa nje ya nyumba yake, na hati ya madai ilikuwa haijamfikia. Soma tena hapo, msomaji. Mtu aliyehesabu nusu ya senti hakuhesabu jasho la aliyemfulia shati. Aliyefua ni nani? Kitabu hakimtaji. Huenda mwandishi alitaka kutuchekesha, maana alikuwa mtu wa mzaha mwingi. Lakini mzaha wake umefungua dirisha ambalo hesabu yote iliyobaki ilikuwa imelifunga. Uhuru wa mtu mmoja umesimama juu ya kazi ya mtu mwingine ambaye jina lake halikuandikwa. Hesabu isiyoletwa bado ni deni.

Ukishaliona dirisha hilo, utaona mengine. Shoka alilokatia miti ya nyumba lilikuwa la kuazima. Asema alilirudisha likiwa kali kuliko alivyolipokea, na hilo ni jambo la adabu. Kiunzi cha nyumba kilisimamishwa kwa msaada wa rafiki zake. Ardhi ilikuwa mali ya rafiki yake, mwandishi Ralph Waldo Emerson. Mwezi wa Julai 1846 alikwenda mjini kuchukua kiatu chake kwa fundi, akakamatwa na kutiwa gerezani kwa sababu alikataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyoruhusu utumwa. Alilala gerezani usiku mmoja, kwa kuwa mtu mwingine alimlipia bila ya yeye kutaka. Hata mtu wa msituni alihitaji fundi wa viatu, na hata katika ushujaa wake yuko mtu aliyekuja na fedha mkononi.

Wako waliomcheka Thoreau kwa mambo haya. Husema kwamba alijidai kukaa peke yake ilhali alikwenda kula kwa mama yake. Kicheko hicho ni chepesi mno, wala si cha haki. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mara kwa mara alikula kwa watu, kama alivyozoea siku zote, na ni yeye aliyetuambia habari za shoka na za rafiki waliomsaidia. Hakuficha. Kosa lake ni jingine. Aliuona msaada, akautaja, kisha akauandika nje ya jumla, kana kwamba vitu vinavyotolewa bure havina bei. Mtu akisema nyumba yangu imenigharimu dola 28, naye amepewa ardhi, shoka na mikono ya watu, amesema kweli ya duka. Hajasema kweli ya maisha.

Kosa hili huonekana wazi katika sura ya kumi. Siku moja mvua ilimnyeshea alipokuwa akienda kuvua samaki, akakimbilia kibanda alichodhani hakina mtu. Alimkuta humo mwenyeji wa Ireland aitwaye John Field, pamoja na mkewe na watoto wao, chini ya paa lililovuja. John Field alikuwa kibarua wa kupindua udongo wa shamba la bwanyenye. Thoreau, akiwa amejistiri kwa paa la mtu huyo, alianza kumfundisha jinsi ya kuishi: aache chai, kahawa, siagi, maziwa na nyama, naye hatalazimika kufanya kazi ngumu. Mashauri hayo yalimfaa mtu asiye na mke wala mtoto. Mtu mwenye kitoto kichanga mapajani angefanya nini nayo? Hapa ndipo hekima ya mtu mmoja inapogeuka kuwa ukali. Anayekaa peke yake hupungukiwa na mizigo, na hilo ni jema. Lakini asipojihadhari, atasahau uzito wa mizigo hiyo katika mabega ya wengine, akaona kuwa wanaolemewa ni wajinga.

Na bado, msomaji, kitabu hiki kina heshima ya kutuonyesha mtu ambaye aweza kukisuta. Katika sura ya 14 mwandishi awakumbuka watu waliokaa katika msitu ule kabla yake. Baadhi yao walikuwa weusi waliopata kuwa watumwa katika Concord. Mmoja wao ni mwanamke aitwaye Zilpha. Alikaa peke yake katika nyumba ndogo karibu na mahali palipokuwa shamba la maharagwe la Thoreau, akiwasokotea watu wa mjini nyuzi za kitani, na sauti yake ya kuimba ilisikika msituni. Katika vita vya mwaka 1812 askari wa Kiingereza waliokuwa wafungwa waliitia moto nyumba yake wakati yeye hayupo. Paka wake, mbwa wake na kuku wake wakaungua pamoja.

Weka nyumba hizi mbili kando kwa kando. Zote zilikuwa ndogo, zote za mtu mmoja, zote katika msitu ule ule. Thoreau aliichagua nyumba yake, akaweza kuiacha alipotaka. Nyuma yake kulikuwa na baba, mama, dada, chuo cha Harvard na rafiki mwenye ardhi. Zilpha alitoka katika utumwa akiwa hana kitu, na msitu ulikuwa mahali ambapo mji ulimwacha akae. Mmoja alikwenda msituni kutafuta faragha. Mwingine alisukumwa huko na ulimwengu. Nyumba ya mmoja ilijengwa kwa msaada wa rafiki. Ya mwingine ilichomwa moto mwenyewe akiwa hayupo. Thoreau ametoa kurasa chache tu kwa watu hawa, lakini amezitoa, na kwa maoni yangu kurasa hizo ndizo zinazokikamilisha kitabu. Zinatufundisha kwamba kusema "mtu anakaa peke yake" ni kusema nusu ya habari. Nusu ya pili ni jibu la swali hili: je, mlango anaufungua yeye, au umefungwa na wengine?

Swali hilo ndilo la kwenda nalo katika miji ya leo. Sababu zinazovuta watu katika nyumba ya mtu mmoja si za aibu. Mshahara wa mtu mmoja waweza sasa kulipa kodi ya chumba. Kazi humtoa kijana Kakamega ikampeleka Mombasa, mahali asipokuwa na shangazi wala mjomba. Msichana aliyesoma hulazimika mara chache zaidi kuliko bibi yake kutoka nyumba ya baba na kuingia moja kwa moja katika nyumba ya mume. Apata miaka kadhaa ya kujijua. Wajane na wazee huishi miaka mingi zaidi. Simu ya mkononi humwezesha mtu kuzungumza na mama yake kila jioni bila kulala chini ya paa lake. Mambo haya yote ni namna ya uhuru, na mtu anayeyalaani yote kwa pamoja amesahau jinsi nyumba yenye watu wengi iwezavyo kuwa na ugomvi mwingi, na jinsi mnyonge wa nyumba hiyo, aghalabu binti au mgeni, asivyokuwa na pembe ya kulilia.

Hata hivyo deni la Thoreau limehamia mjini pamoja nasi. Katika mitaa ya Nairobi yuko mwanamke aitwaye mama fua, ambaye hupita nyumba kwa nyumba akifua nguo za watu waliokwenda kazini. Wengi wa wanaomhitaji ni watu wanaokaa peke yao. Yeye mwenyewe mara nyingi hakai peke yake. Ana watoto wanaongoja chakula kutokana na jasho hilo. Muuza mboga wa pembeni mwa njia, mlinzi wa lango, kijana wa pikipiki aletaye mtungi wa gesi, hao wote ndio jamaa wasioonekana wa mtu anayejiita mpweke. Mithali yasema jifya moja haliinjiki chungu. Ukiona chungu kimetulia juu ya moto, jua mafiga mengine yako, hata kama mpishi hayataji. Anayekaa peke yake kwa heshima huwajua watu hao kwa majina, huwalipa kwa wakati, wala haandiki kazi yao nje ya hesabu.

Na wako waliofungiwa mlango. Serikali ya Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia ukiwa wa watu mwaka 1018? Hapana, si zamani za kale. Ilikuwa mwaka 2018, na Japani ikafuata mwaka 2021. Si kawaida ya serikali kuteua waziri kwa jambo dogo. Wajapani wana neno lao, kodokushi, la kutaja kifo cha mtu aliyekufa peke yake nyumbani bila ya mtu kujua. Katika mwaka 2024 polisi wa Japani walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliokuwa wakiishi peke yao na kufia nyumbani, na wengi wao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Si wote waliokuwa na ukiwa. Yamkini wengine walikuwa na watoto waliowapenda. Lakini idadi hiyo yatufundisha kwamba nyumba iliyochaguliwa kwa furaha katika umri wa miaka 27 yaweza kuwa, katika umri wa miaka 77, nyumba ambayo hakuna anayeibishia hodi. Mwenye nyumba ni yule yule. Lililobadilika ni mlango.

Thoreau hakufikia umri huo. Tazama alivyoishi baada ya kuondoka ziwani, kwa kuwa mwisho wa shahidi ni sehemu ya ushahidi wake. Mwaka 1847 alihamia moja kwa moja katika nyumba ya Emerson, akawatunza mke na watoto wa rafiki yake alipokuwa safarini Ulaya. Baadaye alirudi katika nyumba ya wazazi wake, akakaa huko mpaka mwisho. Hakukaa tena peke yake. Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Mei 1862, mwenye umri wa miaka 44, mama yake na dada yake Sophia wakiwa kando yake. Aliandika kwamba aliondoka msituni kwa sababu njema kama ile iliyompeleka, akiona kwamba alikuwa na maisha mengine ya kuishi. Kwake yeye nyumba ya mtu mmoja ilikuwa kama chuo: mtu huingia, husoma, hutoka, naye hupimwa kwa anayoyafanya akishatoka.

Kwa kipimo hicho alifaulu. Fikra aliyotoka nayo gerezani usiku ule wa mwaka 1846 aliiandika katika insha iliyotolewa mwaka 1849 juu ya wajibu wa raia mbele ya serikali dhalimu. Insha hiyo ilisomwa na Mohandas Gandhi, na baadaye ikasomwa na Martin Luther King. Na katika sura yake ya wageni, miongoni mwa wavuvi, watoto, wazee na wapita njia, ametaja kwa maneno machache mtumwa mmoja mtoro aliyebisha hodi, ambaye yeye alimsaidia kuendelea na safari kuelekea kaskazini kwenye uhuru. Kama ningelazimika kuuchagua ukurasa mmoja wa kuitetea nyumba ile ya futi 10 kwa 15, nisingechagua ukurasa wa ziwa wala wa ndege. Ningechagua huo.

Basi hukumu yangu juu ya kitabu hiki ni hii. Ni kitabu cha kweli chenye hesabu pungufu. Kinafundisha vizuri faragha, kinafundisha vibaya uchumi wa jamaa, na kinapowakumbuka watu waliosahauliwa kinapita wastani wa vitabu vya zama zake. Atakayekisoma ili apate ruhusa ya kuwatoroka watu hataipata humo, ila akiruka sura zaidi ya nusu. Atakayekisoma ili ajifunze kukaa na nafsi yake bila hofu atapata mwalimu ambaye ni vigumu kumpata kwingine.

Nawe, msomaji, siku utakapopewa ufunguo wa chumba chako cha kwanza, usione haya kufurahi. Funga mlango, usome, ufikiri, ulale bila kelele. Lakini kabla mwezi haujaisha, kaa kitako uandike hesabu yako yote kama Thoreau alivyoandika yake, kisha uongeze mistari aliyoiacha. Nani ananifulia? Nani atajua nikiugua usiku? Ni nani katika mtaa huu aliye peke yake bila kupenda, na je, nimewahi kubisha hodi kwake? Ukiweza kuijibu mistari hiyo bila kuona haya, kaa peke yako kwa amani. Usipoweza, anza kwa kununua kiti cha pili.